Harambee ya probu (kile kichwa cha altrasaundi kinachopitishwa kwenye ngozi) ya kupimia mishipa ya shingo

Assalaam alaykum ndugu na majirani, naandika kwa niaba ya jamaa wa msikiti wetu huku Kwale, tafadhali usipite tu, soma mpaka chini.

Mwaka jana ami yangu alikua anakunywa chai barazani, ghafla jicho la kushoto likafunga giza kama pazia limeshushwa, mkono wa kulia nao ukaangusha kikombe. Dakika kumi hivi akawa sawa, tukasema ni uchovu, au labda upepo umempitia. Siku ya nne ndo akaanguka kweli, upande wa kulia wote ukalala na maneno hayatoki. Tukavuka nae feri Likoni, huko Mombasa akapigwa CT skani ya kichwa wakaona damu haijavuja kwenye ubongo, kisha wakampaka jeli shingoni wakapitisha altrasaundi, kumbe mshipa wa kushoto umejaa mafuta yaliyoganda, njia imebaki nyembamba kama uzi.

Wallahi kile kipimo hakiumi, hakina sindano wala mionzi. Dopla, yaani kile kipimo cha damu ndani ya hiyo altrasaundi, inapima kasi ya damu, maana mshipa ukibanwa ni kama mpira wa maji ukiubana kwa kidole, maji yanaruka kwa nguvu, na kasi ikizidi sentimita 230 kwa sekunde madaktari wanahesabu mshipa umebanwa asilimia 70 au zaidi. Utafiti wa Marekani na Kanada uliotoka 1991 ulionyesha watu kama hao, waliokwisha kupata dalili, wakipewa dawa tu 26 kati ya 100 walipata kiharusi upande ule ule ndani ya miaka 2, waliosafishwa mshipa kwa operesheni ni 9. Na operesheni inafaa zaidi ndani ya wiki 2 tangu dalili. Ami zile siku nne tulimwacha barazani.

Si kila kiharusi kinatoka shingoni jamani, huku kwetu presha ndo inatumaliza, kwa hivyo dawa za presha msiache.

Sasa kinachoniuma, kituo chetu cha afya mashine ya altrasaundi IPO, kina mama wajawazito wanapimwa nayo! Lakini probu yake ni ile iliyopinda ya tumbo, inaona ndani sana, shingo inataka probu bapa ya kuona mishipa iliyo karibu na ngozi. Basi tunachanga probu hiyo, na karo ya kozi ya dopla kwa dada anayepima pale, ameshakubali kwenda tukimlipia.

Tunakutana Jumapili baada ya Alasiri uwanja wa madrasa, wakristo majirani zetu karibuni pia, shingo ni zile zile. Mwenye 50 alete 50, mwenye mbuzi alete tutamnadi. Mlioko Oman na Saudia tumeni kwa mweka hazina, namba yake mnayo kwenye grupu, na kila shilingi itaandikwa kwenye karatasi ibandikwe mlangoni pa msikiti.

Ami nae atakuja, kwa mkongojo.