Kutweka tanga rahisi, kazi ni kusimama

Ndugu yangu,

Za siku? Mimi mzima, jua tu ndio limenibabua. Uliniuliza kama tanga ndio kitu kigumu nikacheka, maana tanga ukishikashika kamba mkono unazoea wenyewe, kazi iko kwenye kuisimamisha hii boti. Haina breki bwana! Umeshatoa gia na bado inaserereka tu, halafu ikipunguza mwendo upepo unaisukuma omo, yaani huku mbele, kule usikotaka. Na rivasi nayo ina mambo yake. Propela yetu inazunguka kulia tukienda mbele, kwa hiyo ukitia rivasi tezi, yaani huku nyuma, inavutwa kushoto kabla hata usukani haujaanza kufanya kazi, unaweza kudhani boti ina kiburi ila ukishalijua hilo unapanga kugeuza omo kulia, tezi ikivutwa kushoto, na sehemu finyu inakutoa vizuri tu.

Sasa nanga. Wengi wanadhani inashika kwa uzito, wapi, inashika kwa sababu inavutwa ikiwa imelala, mnyororo ukitandaa chini ndio ncha inajichimbia mchangani, ukiwa mfupi kila wimbi linainyanyua mwisho inang'oka. Kwa hiyo kuna hesabu, na usiipige kwa maji ya saa ileile. Tuseme kina ni mita 4, toka usawa wa maji mpaka juu kwenye omo mita 1, na maji yakijaa yataongezeka mita 3, hiyo ni 8, zidisha kwa 5, unatoa mnyororo mita 40. Aliyesahau maji kujaa anatoa 25 analala raha mustarehe, usiku maji yamejaa ana kama mara 3 tu ya kina, upepo ukichachamaa ndio utasikia kelele. Ukitumia kamba zidisha kwa 7, maana kamba ni nyepesi hailali chini kama chuma.

Kuishusha kwenyewe hakutaki haraka. Unakuja pole pole omo ikiutazama upepo, boti isimame kabisa na ianze kurudi nyuma yenyewe, hapo ndio unaachia, kidogo kidogo, ukimwaga mnyororo wote pamoja unarundikana juu ya nanga unainasa. Halafu rivasi ya taratibu. Mimi saa hiyo napenda kuwa mbele, kiganja juu ya mnyororo, mbali na winchi, na unasikia kila kitu: nanga ikiburura mnyororo unatetemeka, unaruka, unatulia, unaruka tena, ikishika unakaza na kunyooka kama fimbo, mtetemo kwisha. Aliye kwenye usukani yeye anaangalia ubavuni, anachagua mti na jiwe lililo nyuma yake, vikibaki vimepangana na injini bado inavuta nyuma basi tumekaa.

Chini kukiwa mchanga au tope, safi. Nyasi za baharini ni mtihani, ncha inateleza juu juu. Matumbawe usiguse, unayavunja na mnyororo nao unanasa humo.

Kingine angalia majirani, wa kamba anazunguka duara kubwa kuliko wa mnyororo, mchana mko mbalimbali, upepo ukigeuka mnapigana vikumbo, mimi naona bora kumuuliza mtu katoa mita ngapi kuliko kukisia. Na usiku taa nyeupe juu, ya kuonekana pande zote, wengine wanaipuuza sijui kwa nini.

Ukija nitakuweka omo kwanza, usukani baadaye. Tunaongea kwa mikono, mkono juu simama, kidole nyuma rivasi, maana injini na upepo hamsikilizani na nimeona mke na mume wakitukanana mbele ya watu kwa ajili ya nanga tu. Njoo na glovu na viatu vya kufunika vidole, kandambili ziache hukohuko, na uniambie mapema utakuja lini ili niangalie jedwali la maji kupwa na kujaa nikutafutie siku ya maji mafu, yaani maji hayajai wala kupwa sana.