Mdogo wangu, hiyo 22 haijakuambia kitu

Mdogo wangu,

Karatasi ya maabara uliyonitumia WhatsApp nimeisoma. CA-125: 22. Pembeni wameandika kawaida ni chini ya 35, nawe umeambiwa basi huna endometriosisi, ule ugonjwa wa tishu kama za utando wa ndani ya kizazi kuota nje yake na kuleta maumivu. Aliyekuambia hivyo amekosea.

CA-125 ni protini inayotolewa na utando wa tumbo na kizazi unapochokozwa. Hiyo 35 iliwekwa kwa ajili ya saratani ya ovari, si kwa maumivu yako. Hata mpaka ukishushwa hadi 30, uchambuzi wa tafiti uliotoka 2016 ulionyesha kipimo hunasa wagonjwa wa endometriosisi 52 hivi katika kila 100. Waliobaki hurudi nyumbani na karatasi safi kama yako.

Na ingepanda? Hedhi yenyewe huipandisha. Fibroidi (uvimbe wa kizazi usio saratani) pia, mimba changa, maambukizi ya nyonga, na TB ya tumbo, ambayo hapa Nairobi si ya kupuuzwa. Ndiyo maana fomu huuliza tarehe ya hedhi ya mwisho. Kwako pameachwa wazi. Halafu vile vidonge vyako vya nywele na kucha: biotini nyingi huchanganya baadhi ya mashine, namba ikatoka chini kuliko ilivyo.

Mwongozo wa ESHRE, chama cha Ulaya cha tiba ya uzazi, wa 2022 unawaambia madaktari wasitumie viashiria vya damu kutambua ugonjwa huu. Kwa hivyo usirudie. Damu ya kupima sasa ni hemoglobini, kuona kama umepungukiwa damu, kwa jinsi unavyomaliza pedi.

Pesa iweke kwenye skani ya ndani, ile ya kupitia ukeni. Ya juu ya tumbo huona fibroidi vizuri, lakini vidonda vya nyuma ya kizazi huvipita. Kabla hujalipa, uliza: "Mtaangalia kama kizazi kinateleza juu ya utumbo au kimegandana nao?" Wakikushangaa, nenda kwingine. Ikitoka safi bado si mwisho, maana madoa madogo ya juujuu hayaonekani. Daktari anaweza kukuanzishia homoni bila kungoja upasuaji.

Uende na daftari la miezi miwili: tarehe, maumivu kwa 0 hadi 10, dawa uliyomeza. Haja kubwa ikiuma siku za hedhi tu, iandike hata kama unaona haya. Ndiyo itakayomfanya mpiga skani aukague utumbo.