Mdogo wangu, waheshimu wanaokinga chipu dhidi ya mionzi

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi. Ulisema kwamba wanasayansi wanaokinga vifaa vya elektroniki dhidi ya mionzi ya nyuklia hawajavumbua chochote cha kuonekana. Nakujibu hadharani kwa sababu wako wengi wanaodhani hivyo, na mimi naona watu hawa wanastahili heshima kubwa.

Anza na Telstar 1, setilaiti ya mawasiliano ya Marekani. Ilirushwa tarehe 10 Julai 1962, siku moja baada ya Marekani kulipua bomu la nyuklia katika jaribio la Starfish Prime: megatani 1.4, kilomita 400 hivi juu ya Bahari ya Pasifiki. Elektroni za mlipuko ule zilinaswa na uga wa sumaku wa dunia, na setilaiti ikawa inapita katikati yake. Kufika Novemba ikaacha kusikia amri. Wahandisi wa Bell Labs, maabara iliyoiunda, wakachukua saketi za aina ileile, wakazipiga mionzi maabara, ugonjwa ukajitokeza. Gesi iliyofungiwa ndani ya vikopo vya transista (swichi ndogo za umeme) ilikuwa ikipata chaji, na volti zikiivuta chaji hiyo hadi kwenye uso wa silikoni na kuharibu utendaji wake. Ukiondoa volti, chaji hutawanyika na transista hupata nafuu. Lakini utaizimaje saketi ya kupokea amri ilhali amri haizisikii? Wakatunga mipigo ya amri yenye umbo lisilo la kawaida, inayoikwepa transista iliyougua. Umeme ukakatwa, na mwanzoni mwa Januari 1963 setilaiti ikaitika. Ilinyamaza moja kwa moja tarehe 21 Februari, lakini tayari ilikuwa imetibiwa ikiwa angani, bila mkono wa mtu kuigusa.

Siku hizi ugonjwa wa aina hiyo hutafutwa kabla chombo hakijaruka. Mionzi ikipita kwenye oksidi ya silikoni, tabaka jembamba la kuzuia umeme ndani ya chipu, huacha chaji chanya zilizonasa humo. Zikilimbikizana, transista iliyopaswa kufunga huanza kuvuja mkondo. Kupima, huchukuliwa chipu za fungu moja la kiwandani, kwa sababu fungu jingine laweza kuwa na oksidi yenye tabia tofauti kabisa. Huwekwa mbele ya kobalti-60, chanzo cha miale ya gama, zikiwa na umeme, kwa volti zile zitakazoziumiza zaidi. Ukizipiga zikiwa zimezimwa unaweza kupata majibu ya kukufurahisha ambayo si ya kweli. Huzungushiwa kisanduku cha metali ya risasi ya unene wa milimita 1.5, na ndani yake alumini ya milimita 0.7. Sababu ni kwamba miale ya gama iliyodunda ukutani hudhoofika, na miale hiyo dhaifu huongeza dozi isiyohesabiwa karibu na metali nzito kama dhahabu iliyo ndani ya chipu. Ukizitoa, vipimo vianze ndani ya saa moja, na zirudi kwenye mionzi kabla ya saa mbili kupita, la sivyo zitaanza kujiponya mezani.

Mtego ulikuwa kwenye kasi ya kupima. Kwa radi 50 (radi hapa ni kipimo cha dozi ya mionzi) kwa sekunde, dozi ya radi 50,000 hutimia kwa dakika 17 hivi. Mwaka 1991 watafiti walitangaza kwamba baadhi ya transista za baipola, aina mojawapo ya transista, huumia zaidi dozi ileile ikija taratibu, kama inavyokuja angani. Kwa hiyo chipu za namna hiyo hupimwa kwa radi 0.01 kwa sekunde, na dozi ileile huchukua siku 58. Fikiria mtu anayemwambia msimamizi wa mradi asubiri karibu miezi miwili ilhali kipimo cha haraka kimeshasema chipu ni nzima. Huo ni uadilifu, mdogo wangu.

Kuna na madhara ya chembe moja tu. Ayoni nzito, yaani atomu nzito yenye chaji, ikipenya silikoni huacha njia ya chaji inayoweza kugeuza biti (tarakimu moja ya kumbukumbu), 0 ikawa 1, au kuamsha njia ya umeme iliyojificha ndani ya chipu, mkondo ukapanda ghafla na chipu ikaungua usipoukata upesi. Kwenye saiklotroni, mashine ya kurusha ayoni kwa kasi, kifuniko cha chipu hutolewa kwanza, maana ayoni hizo mara nyingi hazifiki mbali ndani ya silikoni. Hatari hii ya mkondo hupimwa chipu ikiwa na joto, kwani hapo ndipo inapojitokeza kwa urahisi.

Usidhani ni mambo ya angani pekee. Mwaka 1978 May na Woods wa kampuni ya chipu ya Intel walionyesha kwamba chembe za alfa kutoka kwenye urani na thori, metali zenye mionzi, kidogo sana iliyomo kwenye ganda la chipu zilikuwa zikigeuza biti za kumbukumbu. Mwaka uliofuata watafiti Ziegler na Lanford wakaeleza kwamba hata miale ya anga za mbali inaweza kuzivuruga kompyuta za hapa chini.

Dawa yake? Kwa kila biti 64 huongezwa 8 za ukaguzi: kosa moja hurekebishwa, mawili hugunduliwa. Biti za neno moja hutawanywa mbalimbali ili chembe moja isiguse mbili. Na kumbukumbu husomwa na kuandikwa upya kila baada ya muda, kwa sababu kosa moja likiachwa litangoja mwenzake.

Ukibahatika kuingia maabara ya namna hiyo, omba kuonyeshwa zile chipu chache ambazo hazikupigwa mionzi kabisa. Hupimwa kila mara pamoja na wenzake. Namba zao zikisogea, kifaa cha kupimia ndicho kimeharibika, na kazi ya siku hiyo hurudiwa.

Ndugu yako