Barua ya Malalamiko kuhusu Shelaki Isiyokauka na Isiyoandikwa Tarehe

Karakana ya Magitaa,
Chumbageni,
Tanga.

12 Mei 2025

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Kitengo cha Vanishi na Polishi,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: SHELAKI YENU YA CHUPA ILIYOSHINDWA KUKAUKA KWENYE GITAA LA MTEJA WANGU

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni fundi wa magitaa makavu, yasiyotumia umeme, yale ambayo wazee wa muziki wa dansi huyaita magalatoni, na kazi hii naifanyia katika karakana iliyo uani nyumbani kwangu. Nawaandikia kulalamikia shelaki, yaani utomvu wa kung'arishia mbao unaoyeyushwa katika spiriti, mnayoichanganya kiwandani kwenu na kuiuza katika chupa za lita moja. Shelaki hiyo ilikataa kukauka juu ya gitaa lililokuwa limekamilika kila kitu isipokuwa ung'arishaji na kubandikwa daraja la nyuzi, na majibu niliyopewa na ofisi yenu kwa simu hayakuligusa tatizo lenyewe. Kiini cha malalamiko yangu ni kwamba chupa zenu hazionyeshi tarehe ambayo shelaki ilichanganywa na spiriti, na bila tarehe hiyo mnunuzi hana njia yoyote ya kujua kama anachokinunua bado kinafaa kwa kazi.

Gitaa hilo liliagizwa na mwalimu wa kwaya ya kanisa moja la hapa Tanga, ambaye alilihitaji kabla ya Pasaka. Uso wake ni wa mbao ya sprusi kutoka nje, niliyoipunguza kwa randa na msasa mpaka ikabaki na unene usiofika milimita 3. Mgongo na mbavu zake ni za mninga, na ubao wa vidole, daraja la nyuzi pamoja na utepe unaozunguka kingo zote ni wa mpingo. Anayetengeneza samani anaweza kupaka vanishi nzito juu ya meza na meza isidhurike. Gitaa halivumilii hivyo, kwa maana uso wake ndio unaotetemeka na kusukuma hewa, na kila tabaka linaloongezwa juu yake ni mzigo ambao nyuzi zitalazimika kuutikisa. Ndiyo sababu mafundi wa Uhispania wa magitaa ya kale, na wote waliofuata mkondo wao, wameshikilia shelaki inayopakwa kwa donge la kitambaa: tabaka lake huwa jembamba mno, hukauka likawa gumu, na likikwaruzika hurekebishwa kwa spiriti na shelaki mpya bila kukwanguliwa lote.

Kazi hiyo haina njia ya mkato. Mninga una vitundu vilivyo wazi, hivyo nilianza kwa kuvijaza kwa unga laini wa jiwe la pumisi, niliousugua kwa spiriti na shelaki kidogo mpaka vumbi la mninga lenyewe likachanganyika na unga na kuziba vitundu kwa rangi ileile ya mbao. Baada ya hapo hufuata donge, yaani pamba iliyofungwa ndani ya kipande cha shuka kuukuu, ikalowekwa shelaki kiasi, ikaguswa kwa tone la mafuta ya zeituni ili isikwame, kisha ikazungushwa juu ya mbao kwa miduara midogo, halafu kwa umbo la nane, na mwisho kwa mistari iliyonyooka. Donge halitakiwi kusimama hata kidogo likiwa juu ya mbao, kwa sababu spiriti iliyomo huyeyusha tabaka la chini na kuacha kovu. Fundi akiona wingu dogo la spiriti likifuata nyuma ya donge na kutoweka papo hapo, anajua kazi inakwenda sawasawa. Wingu hilo nililiona tangu mkono wa kwanza, yaani tabaka la kwanza, wa shelaki yenu, kwani spiriti iliruka kama inavyotakiwa. Kilichobaki nyuma baada ya spiriti kuruka ndicho kilichokuwa na kasoro.

Kwa kawaida, gitaa lililopumzishwa wiki moja au mbili baada ya mkono wa mwisho huweza kusuguliwa kwa msasa laini, na kinachotoka ni unga mweupe, mkavu. Hili lilitoa vijidonge vya kunata vilivyoganda kwenye karatasi ya msasa. Nikaliacha lipumzike zaidi katika chumba kikavu chenye hewa, na mwezi mzima ukapita. Siku nilipolilaza chali juu ya blanketi safi ili kuandaa mahali pa kubandika daraja, nililinyanyua nikakuta mchoro wa nyuzi za blanketi umechapwa mgongoni, mstari kwa mstari, na manyoya mekundu yamenasa ndani ya tabaka. Karibu na tundu la sauti, mahali nilipolishikia, palibaki alama ya kidole gumba, mikunjo yake yote ikisomeka kama dole gumba lililotiwa wino juu ya hati ya mahakamani.

Nilipopiga simu ofisini kwenu niliambiwa mambo mawili: kwamba hewa ya pwani ina unyevu mwingi, na kwamba mpingo una mafuta yanayozuia vanishi kukauka. Kwa heshima zote, hayo hayaelezi nilichokikuta. Unyevu unapoingia katika shelaki inayopakwa, huleta ukungu mweupe juu ya kazi, kwa sababu spiriti inaporuka huupoza uso wa mbao na maji ya hewani hutua hapo. Kila fundi wa polishi wa mwambao anaufahamu ukungu huo, na ndiyo maana wakati wa masika wengi wetu hungoja jua la mchana. Gitaa langu halikuwa na ukungu wowote. Lilikuwa linang'aa vizuri kabisa, ila lilikuwa laini. Tena lilipakwa mwezi Februari, katika kaskazi, kabla mvua za masika hazijaanza. Ama kuhusu mpingo, ni kweli kwamba utomvu wake husumbua baadhi ya vanishi za mafuta. Lakini shelaki ndiyo inayotumika kuutuliza mti huo kabla ya kupaka vanishi hizo, na isitoshe, ulaini niliouona ulikuwa sawasawa kwenye sprusi, kwenye mninga na kwenye utepe wa mpingo. Kama kosa lingekuwa la mti, lingeonekana kwenye mti huo peke yake.

Ili nisiwalaumu bila ushahidi, nilichukua kipande cha kioo cha dirisha, nikakisafisha kwa spiriti, nikakigawa kwa utepe wa karatasi. Upande mmoja nilipaka shelaki iliyobaki katika chupa yenu, na upande wa pili nikapaka shelaki niliyoiyeyusha mwenyewe siku iliyotangulia kutoka katika vipande vikavu, kwa kutumia spiriti ya kawaida ya dukani. Kioo hakina unyevu wala mafuta ya mti, na pande zote mbili zilikauka katika chumba kimoja. Asubuhi yake ukucha uliteleza juu ya shelaki yangu bila kuacha alama. Juu ya shelaki yenu ukucha ulizama, na hata leo ninapoandika barua hii bado unazama. Kioo hicho nimekitunza.

Sababu yake inajulikana kwa yeyote anayetengeneza bidhaa hii, na naamini wakemia wenu wanaijua kunishinda. Shelaki ni utomvu wa wadudu wadogo wanaoishi kwenye matawi ya miti, hasa katika nchi za India na Thailand. Ikiwa katika vipande vikavu na ikahifadhiwa mahali pasipo na joto, hudumu muda mrefu. Ikishayeyushwa katika spiriti, umri wake huanza kuhesabiwa siku hiyohiyo, kwa sababu asidi zilizomo ndani yake huungana polepole na alkoholi na kuwa esta, na kadiri esta zinavyoongezeka ndivyo shelaki inavyopoteza uwezo wake wa kuwa ngumu. Joto huharakisha mabadiliko hayo. Mafundi wengi wa ala za muziki hawathubutu kutumia mchanganyiko uliokaa zaidi ya miezi sita au, kwa anayejiamini sana, mwaka mmoja. Sasa tafadhali fikirini safari ya chupa yenu: inatoka kiwandani, inakaa katika ghala la wakala, inapakiwa kwenye lori, kisha inapangwa kwenye rafu ya duka lililoezekwa kwa bati bila dari, katika mji ambao joto lake mwezi wa pili hupita nyuzi 30 mchana. Mama mwenye duka aliyeniuzia hana kosa hata chembe. Aliigeuza chupa mbele yangu akaitafuta tarehe, na haikuwepo ya kuisoma.

Kilichoandikwa kwenye lebo ni kwamba bidhaa ni shelaki safi, kwamba inafaa kwa samani na ala za muziki, na kwamba hukauka kwa dakika 30. Hakuna tarehe ya kuchanganywa wala ya mwisho wa matumizi. Namba ya toleo nayo haipo, kwa hiyo hata ninyi wenyewe, mkiletewa chupa hii, sidhani kama mtaweza kusema ilitoka katika pipa lipi. Lebo pia haisemi ni gramu ngapi za shelaki zimo katika kila lita, jambo ambalo fundi analihitaji ili ajue apunguze kwa spiriti kiasi gani, wala haisemi kama nta ya asili imeondolewa. Haya mawili ya mwisho ningeweza kuyavumilia. Tarehe siwezi, kwa kuwa mmeitaja ala ya muziki kwa jina katika lebo yenu, na mtu anayeinunua kwa ajili ya ala ameamini neno lenu.

Hasara niliyoipata haikuishia kwenye bei ya chupa. Shelaki laini haiponyeki kwa kuongezewa nyingine juu yake; ni lazima itolewe yote. Spiriti inayoitoa huichota pia rangi nyeusi ya mpingo na kuitawanya juu ya sprusi nyeupe, kwa hiyo ukingo wote nililazimika kuufuta kwa vipande vidogo vya kitambaa vilivyolowekwa kidogo tu, kutoka kwenye sprusi kwenda nje, nikitupa kila kipande baada ya mfuto mmoja. Mahali pawili rangi ilipenya, na hapo sikuwa na budi kutumia msasa juu ya mbao ambayo tayari ilikuwa na wembamba niliouchagua kwa kuigonga na kuisikiliza. Mbao iliyoondolewa hapo hairudi. Mwalimu wa kwaya alilikosa gitaa lake kwenye ibada za Pasaka, akalazimika kuazima la mtu, na mimi nilimrudishia sehemu ya malipo ya awali bila yeye kudai, kwa sababu ahadi ilikuwa yangu.

Kwa hiyo naomba mnirudishie bei ya chupa mbili nilizonunua, ambayo ni shilingi 96,000 kwa mujibu wa stakabadhi niliyoiambatanisha, pamoja na gharama ya spiriti, unga wa pumisi na msasa niliotumia kuondoa shelaki hiyo. Fidia ya kazi niko tayari kuizungumza nanyi kwa maandishi. Lililo kubwa kwangu kuliko fedha ni kwamba chupa zisizo na tarehe zilizoko madukani ziondolewe, na kwamba kuanzia sasa kila chupa ichapwe siku iliyochanganywa na muda wa kuitumia. Mkishindwa kuudhibiti umri wa bidhaa iliyokwisha kuyeyushwa, uzeni vipande vikavu katika mifuko midogo, nasi mafundi tutayeyusha wenyewe. Mimi binafsi ningevinunua kwenu kesho.

Naomba jibu la maandishi ndani ya siku 14 tangu mtakapoipokea barua hii. Lisipopatikana, nitawasilisha malalamiko haya kwa Tume ya Ushindani chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayomlinda mlaji dhidi ya maelezo ya bidhaa yanayopotosha, na nitalijulisha Shirika la Viwango Tanzania kuhusu lebo yenu. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa nayo humtaka muuzaji atoe kitu kinachofaa kwa matumizi yaliyojulikana wakati wa kuuziana, na ninyi matumizi hayo mliyaandika wenyewe kwenye chupa.

Chupa ya pili haijafunguliwa. Nimeihifadhi kivulini pamoja na ile iliyotumika na kile kioo, na mtaalamu wenu akija Tanga siku yoyote ya kazi, saa tatu asubuhi hadi saa kumi jioni, atavikuta vyote mezani na atapima mwenyewe. Naambatanisha nakala ya stakabadhi, picha za lebo pande zote, na picha za mgongo wa gitaa kabla sijaufuta.

Wako katika kazi,

Fundi wa magitaa,
Chumbageni, Tanga.