Barua kwa mwanangu: mkono ukiuma, sema

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeupata, kwamba katika okestra ya vijana unayokwenda wamekupa viola, ndugu mkubwa wa fidla, badala ya fidla yenyewe, tena stendi ya mwisho, nyuma kabisa ya kundi. Umeandika maneno sita tu, kwa hiyo najua umekasirika. Nitakujibu hilo, lakini kwanza la mkono. Kifundo cha mkono kikianza kuuma, shusha upinde umwambie kiongozi wa kundi lako, saa ileile. Usingoje mapumziko wala jioni.

Ratiba nimeisoma mara tatu. Asubuhi kila kundi linafanya mazoezi kivyake, mchana okestra nzima, jioni tena. Hapa nyumbani ulizoea saa moja, mbili zikikaribia siku za mtihani. Huko ni saa 6 kwa siku, kwa siku 10. Na viola si fidla: ni kubwa na nzito zaidi, mkono wa kushoto unakwenda mbali, vidole vinatanuka, na zile nyuzi nene za chini haziitiki bila kukandamizwa kwa upinde. Ianze sasa hivi. Piga dakika 20, pumzika, piga nyingine 20. Usiende kuizoea hukohuko.

Aibu ya viola siioni iko wapi. Wapiga fidla hawakosekani katika okestra za vijana. Viola ndiyo inayotafutwa kwa tochi, kwa sababu kila mzazi akiingia dukani anamnunulia mtoto fidla, na mimi sikuwa tofauti. Walikusikia kwenye usaili, wakaona unasoma noti upesi, wakakuamini kwamba utaumudu ufunguo wa alto, ile alama ya kusomea noti za viola, kwa wiki chache. Kuna watu wasingepewa hiyo imani. Na simfonia mtakayopiga, ule muziki mrefu wa okestra nzima, ile ya tisa ya Mcheki Dvořák, mwenyewe aliyeitunga alikuwa mpiga viola. Alikaa miaka kama 9 katika okestra ya jumba la maonyesho huko Prague kabla jina lake halijavuka mipaka. Mimi naamini humo ndimo alimojua klarineti inasikikaje kwa mtu aliyekaa katikati. Anayekaa mbele kabisa hulisikia zaidi kundi lake mwenyewe.

Kuhusu stendi ya mwisho, kamwangalie mpiga tuba, lile dude kubwa la shaba lenye sauti nzito. Simfonia nzima ni dakika 40 na ushee, naye ana noti chache tu katika sehemu ya pili, basi. Mwenye matoazi anagusa mara moja, tena taratibu, katika sehemu ya nne. Ukiwaona wamekasirika, njoo unilalamikie.

Baba yako jana aliuliza tena faida yake nini, kwani nyote mtakuwa wanamuziki? Nikamhesabia. Simfonia hiyo inataka vyombo vya kupuliza kama honi 4, tromboni 3, obo 2, klarineti 2, fagoti 2, na ala za nyuzi za kutosha ili hao wote wasizimeze. Shule yenu ina fidla tatu, klarineti moja, na yule mtoto wa tarumbeta anayepuliza kama anafukuza wezi. Hakuna shule moja inayoweza kuwapata watu wote hao. Ni lazima wakusanywe kutoka eneo zima, mmoja huku, wawili kule. Mpiga obo asiye na okestra anapiga nini peke yake mwaka mzima? Na mwenye tromboni je? Fidla angalau inajitosheleza, ndiyo maana mwenye fidla huchelewa kujua anachokikosa.

Nikamwambia pia kwamba wazo hili si la jana. Uingereza walianzisha okestra ya taifa ya vijana mwaka 1948, mwanamke, Ruth Railton, ndiye aliyeianzisha. Venezuela mwaka 1975 José Antonio Abreu alianza okestra na vijana wachache, leo watoto waliopita katika mpango huo hawahesabiki. Gustavo Dudamel alitokea humo, alianza na fidla kama wewe, akaja kuiongoza Los Angeles Philharmonic, okestra kubwa ya Marekani. Baba yako akasema, “Ehe, mmoja.” Hapo nikanyamaza, maana jibu langu halikuwa la Dudamel.

Jibu langu ni hili. Umekuwa wa kwanza kwa muda mrefu mno, na najua nani aliyekuzoesha. Chumbani kwako, ukishusha upinde, muziki umekwisha, na mara sauti inatoka jikoni: “Mbona kimya?” Huko ukishusha upinde, viola wenzako wanaendelea, chelo zinaendelea, wimbo unapita juu yako, na ukiwa umehesabu vizuri unajua pa kurudia. Hicho ndicho ninachotaka ukakijue, kwamba unaweza kuacha na kitu kisianguke. Mimi sikukufundisha hilo. Ningekufundishaje, na mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango nikihesabu dakika?

Kwa hiyo mkono ukiuma, sema. Siku ile kabla ya mtihani unaikumbuka kuliko mimi, sina haja ya kuirudia. Neno nililokuambia pale mlangoni, la kuvumilia, lifute. Nilidhani uvivu.

Bibi yako ana methali yake, kidole kimoja hakivunji chawa. Ni kweli, lakini kidole kimoja kikiharibika kinatosha kumvunja mpigaji. Schumann, mtunzi wa Kijerumani, alitaka kuwa mpiga piano, kidole cha mkono wa kulia kikamkatalia akiwa bado kijana, ndoto ikaishia hapo. Alipata kutunga, sawa, lakini si kila mtu ni Schumann. Leon Fleisher, mpiga piano wa Marekani, mkono wake wa kulia ulimgomea miaka ya 1960, akapiga kwa wa kushoto tu miaka mingi sana. Usinijibu kwamba hao ni wa piano. Mkono ni mkono. Maumivu ya kuchoka huisha ukilala. Yakikukuta asubuhi bado yapo, au vidole vikifa ganzi, hayo si ya kuchoka.

Mwenzako wa stendi anaweza kukuzidi. Pengine utakutana na mtu wa rika lako anayepiga katika wiki moja kile ulichokipigania mwezi. Utaumia. Usimkwepe wakati wa kula. Muulize anashikaje upinde, anapumzikaje. Mkikubaliana wewe ukae upande wa ndani, ulio mbali na watazamaji, kufunua ukurasa ni kazi yako, yeye anaendelea kupiga, na usifunue kwa kelele kama unavyofunua gazeti la baba yako. Weka alama kwa penseli, kamwe si kalamu, karatasi zile si zenu. Na ukipotea, usijifanye unapiga. Upinde unaoelea juu ya nyuzi mwongozaji anauona kabla hujadhani. Tulia, sikiliza tromboni au chochote unachokijua, urudi.

Nyuma huko vyombo vya shaba, tarumbeta na tromboni, vitakuwa karibu na masikio yako. Nimekuwekea vizibo vya masikio kwenye mfuko mdogo wa begi, pamoja na ulimbo mpya wa kupaka upinde. Ule wa zamani ulipasuka, nadhani ndugu yako aliuangusha, yeye anakana. Kiegemeo cha bega cha viola hakijafika. Kikichelewa, kunja taulo dogo ulifunge kwa mpira, ila usiende na shingo tupu ukajikunja siku 10.

Nyumbani mambo ni yaleyale. Paa la chumba chako linavuja tena pale juu ya kitanda, kwa hiyo nimekihamishia ukutani, usishtuke ukirudi. Baba yako ametia mafuta bawaba, mlango haulii tena. Anasema nyumba imekuwa kimya mno tangu uhamie bwenini, halafu anawasha redio kwa sauti mpaka jirani anagonga. Ndugu yako ameomba alalie kitanda chako ukiwa huko. Nimemkubalia kwa sharti asiguse kabati. Soksi zako nimezikuta tisa, ya kumi iko wapi?

Upinde ulegeze kabla ya kuufungia. Viola isikae juani wala karibu na dirisha la gari. Noti za sehemu ya pili zipige polepole kuliko unavyotaka.

Utapiga simu Jumapili, najua utakuwa na haraka. Nikikuuliza mkono vipi, usiniambie “poa”. Niambie upi, unauma wapi, na tangu lini.

Mama yako