Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: sogezeni dirisha la methadone

Mheshimiwa Waziri wa Afya,

Nakuandikia nikiwa dada wa kijana anayetumia methadone, dawa ya kunywa inayotibu uraibu wa heroini. Tunaishi Msata, dirisha la dozi liko Bagamoyo, kilomita 64 kwa lami. Kila siku, Idi na Krismasi zikiwemo, lazima afike, anywe dawa mbele ya mhudumu, kisha atafute gari la kurudi. Fundi gani atampokea kibarua anayefika kazini jua likiwa utosini? Na asipokuwa na kazi, nauli inatoka mfukoni mwa mama yetu anayeuza mihogo.

Tiba yenyewe siilalamikii hata kidogo. Tangu Muhimbili ilipoanza kuitoa mwaka 2011, zikafuata Mwananyamala na Temeke, familia nyingi zimerudishiwa watoto wao. Unga, yaani heroini, huisha nguvu baada ya saa chache na kumrudisha mtu maskani kutafuta kete nyingine. Methadone humtuliza kwa siku nzima, bila sindano, na hivyo bila ile hatari ya kuchangia sindano inayoeneza VVU na homa ya ini. Mdogo wangu analala usiku. Anakula. Anawasalimia watu.

Lakini nauli ikikosekana, arosto, yale maumivu ya kukosa dawa, inamkamata. Akikosa siku kadhaa mfululizo, hawezi kurudia dozi yake ya zamani, maana mwili umeshaizoea hali ya kukaa bila dawa. Inabidi aanzishwe chini, apandishwe taratibu. Akirudi kwenye unga katika hali hiyo, kiasi alichokimudu zamani kinaweza kumuua. Kwa hiyo, Mheshimiwa, naomba nauli isichukuliwe kuwa shida ndogo ya pembeni.

Jambo lililoniuma zaidi ni hili. Alipougua kifua kikuu alianzishiwa dawa zenye rifampisini. Dawa hiyo hulifanya ini liiondoe methadone mwilini haraka, hivyo dozi iliyomtosha jana leo haimtoshi. Akawa anatetemeka, pua zinachuruzika, jasho linamtiririka, naye akaambiwa anatafuta kulewa. Waliompa dawa za kifua hawakuwa wamesemezana na waliompa methadone. Alipopatikana mhudumu mmoja aliyeelewa, dozi ikaongezwa na akatulia. Je, asiye na ndugu wa kumfuatilia anafanyaje? Anaacha zote mbili, na kifua kikuu kinabaki mtaani.

Kifua kikuu hichohicho kinatufundisha njia. Mgonjwa wake anachukua dawa karibu na kwake, na ndugu anaruhusiwa kumsimamia akimeza nyumbani. Dawa za kufubaza VVU nazo zilianzia hospitali kubwa, leo zinapatikana kwenye zahanati, na aliyetulia anapewa za miezi kadhaa. Najua methadone inahitaji ulinzi zaidi, kwani ikiangukia mikononi mwa mtoto inaua. Ndiyo maana sisemi igawiwe ovyo. Tuanze na vituo vya afya vilivyo kando ya barabara kubwa: kabati lenye kufuli, daftari, mhudumu aliyefunzwa, na dozi iliyopimwa na kliniki mama. Wale waliodumu kwenye tiba bila kuyumba wapewe dozi za siku chache za kukaa nazo, ndugu akiweka saini.

Na dirisha hilo lisiwe la methadone peke yake. Wapo waraibu wanaosikia sauti, wapo waliokata tamaa ya kuishi, na leo hao wanapangiwa siku nyingine, jengo lingine, nauli nyingine. Jirani yetu mwenye skizofrenia, ugonjwa mkali wa akili, anategemea sindano ya kila mwezi. Ikikosekana karibu, familia inaishia kumfungia ndani. Mhudumu yuleyule anaweza kufunzwa kuwaona wote.

Bajeti ya Wizara yako itakaposomwa Dodoma, naomba tusikie fungu la kazi hii likitajwa kwa jina, pamoja na vituo vitakavyoanza. Msata tuna nia, na tuko tayari kutoa wasimamizi wa kujitolea kutoka katika familia zetu.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Dada wa mgonjwa, Msata