Barua ya wazi kwa wanangu wa kijiwe cha bodaboda

Wanangu,

Nawaandikia kwa sababu nikisema kwa mdomo mnaitikia "tumekusikia, mzee" kisha macho yanarudi kwenye simu.

Mwenzenu amenyang'anywa pikipiki. Alikuwa kwenye mkataba, kila jioni anapeleka hesabu ya shilingi 10,000 kwa tajiri, na imebaki miezi miwili tu chombo kiwe chake, kadi ibadilishwe jina. Mlijua. Akisema leo nawahi kulala, mkamwita mtoto wa mama. Akikataa kubeti nanyi, "huyu anajiona ameshatoboa". Mwisho akaingia. Hesabu ya siku nne ikaenda kwenye mkeka wa timu saba, ukachanika timu ya mwisho, nanyi mkaenda kulala. Hakuna aliyesema jamani tumchangie hata elfu mbili mbili. Jumatatu alfajiri mmoja wenu alikuwa ameshapiga hodi kwa tajiri kuiomba pikipiki hiyo hiyo. Leo anaiendesha, na mnapiga naye soga kama kawaida. Hilo ndilo limenikosesha usingizi.

Mnataka kujua kundi baya linajulikanaje? Kataa kitu. Sema "leo sina", "sinywi", "nawahi nyumbani", kisha tazama nyuso. Wenzako wema watakutania kidogo, yataisha. Wabaya watataka sababu, wakiipata wataicheka, na wiki nzima utasimangwa kwayo. Tazama pia siku unapopata: umenunua kiwanja, umeposa, umeanza udereva wa magari pale VETA. Wakianza kukuita "bosi" kwa sauti ile mnayoijua, na chai ya wote ikawa juu yako, hao wanangoja uanguke mrudi kulingana.

Mengine sitayarefusha. Anayekuletea siri za mwenzake, zako anazipeleka. Anayekukopa mbele za watu ili uone haya kukataa. Anayekuchonganisha na mkeo. Anayekupa mzigo uufikishe bila kukuambia kilichomo: huyo mkimbie, maana ukikamatwa nao, wewe ndiye mwenye mzigo.

Nasi wazee tuache kujitakasa. "Makundi mabaya" tunayataja msibani, kijana akishalala kaburini. Zamani huku pwani kijana alitoka jandoni ana somo wake, mtu mzima mwenye haki ya kumwita pembeni na kumkemea. Tumeliacha hilo na hatukuweka kingine. Sheria inakataza walio chini ya miaka 18 kucheza kamari, lakini watoto wenye sare za shule wanatumbukiza sarafu za mia mbili kwenye dubwi, ile mashine ya kamari, mwenye duka anawachenjia noti, nasi tunanunua sukari yetu tunapita. Viroba, ile pombe ya vipakiti, vilipigwa marufuku mwaka 2017 tukashangilia kana kwamba serikali imetumalizia malezi.

Sasa, namna ya kutoka kundini. Haihitaji hotuba wala ugomvi. Usiwatangazie. Hesabu ikitimia ipeleke mchana, isikae mfukoni mpaka saa ya mpira. Jitoe kwenye grupu la mikeka. Ukishusha abiria, pumzikia kwingine. Watakusema, tena sana, na siku za mwanzo utaona upweke. Nauelewa, wanangu, mmekua pamoja. Kama yupo mmoja mwenye moyo kama wako, mwambie faraghani, muondoke wawili.

Kijiwe cha ng'ambo ya barabara, karibu na zahanati, kina mwenyekiti na daftari. Mwanachama akipata ajali wanachanga, na anayemzunguka mwenzake kwa tajiri wanamfuta. Wanataka leseni, kitambulisho cha NIDA na mdhamini. Udhamini nitaweka mimi. Anayetaka anikute kwenye cherehani yangu baada ya Isha, aje na karatasi zake, nimpeleke mwenyewe.

Mzee wenu, fundi wa nguo